Mbwa Wako Akizeeka: Maradhi, Maumivu na Siku za Mwisho

Wengi wetu tunaofuga mbwa kwa ajili ya ulinzi tunamfahamu vizuri akiwa bado na nguvu. Aliletwa akiwa mdogo, akazoea geti, akabweka usiku kwa miaka minane au tisa, na siku alipoanza kuchelewa kuinuka tukasema: ni uzee tu. Kwa maoni yangu, kauli hiyo inawanyima mbwa matibabu kuliko hata ukosefu wa fedha. Mbwa mzee hufa kwa figo, kwa moyo, kwa uvimbe, kwa usaha kwenye mfuko wa uzazi, au kwa viungo vilivyochakaa hadi hawezi kwenda haja peke yake. Karibu kila tatizo kati ya hayo lina dalili za mapema na lina cha kufanywa, hata pale lisipopona kabisa. Na pasipobaki cha kufanya, mwenye mbwa bado ana wajibu wa kuhakikisha kwamba mnyama wake hafi kwa mateso.

Hesabu ya kuzidisha umri wa mbwa kwa saba haisaidii sana, kwa sababu ukubwa wa mwili ndio unaoamua. Mbwa mdogo wa mwili huweza kuishi miaka 12 hadi 16, na uzee wake huanza kwenye miaka tisa au kumi. German Shepherd wengi huishi kati ya miaka 9 na 13. Wale wakubwa mno kama Great Dane mara nyingi hawavuki 10, na wakiwa na miaka sita tayari ni wazee. Mbwa wetu wa kienyeji, akichanjwa, akilishwa na kukingwa na kupe, anaweza kufika miaka 13 na kuendelea. Wengi hawafiki kwa sababu ya magari na maradhi, wala si kwa udhaifu wa mbegu yao.

Kuanzia umri ambao uzee wake huanza, mpeleke kwa daktari wa mifugo mara mbili kwa mwaka hata kama haonekani kuumwa. Apimwe uzito, asikilizwe moyo, aangaliwe meno, na pakiwa na maabara apimwe damu na mkojo. Walio karibu na Morogoro wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na walio Nairobi wana kitivo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete. Walio mbali waanze na ofisi ya mifugo ya wilaya, waulize daktari aliyesajiliwa yuko wapi. Jambo jingine linalosahaulika sana: anayempeleka mbwa awe ndiye anayemlisha. Katika nyumba nyingi za mijini mwenye nyumba hutoka alfajiri na kurudi usiku. Mlinzi au dada wa nyumbani ndiye anayejua kwamba mbwa ameacha nusu ya chakula tangu wiki iliyopita, kwamba anakojoa mara nyingi, kwamba anakohoa saa tisa usiku. Daktari akimkosa mtu huyo, anapapasa gizani.

Maumivu asiyoyalilia

Mbwa mwenye maumivu ya muda mrefu halii. Ndiyo maana watu huapa kwamba wao hawajaona maumivu yoyote. Mtazame asubuhi anapoinuka kwenye sakafu ya vigae. Mbwa mzima huinuka mara moja. Mwenye nyonga mbovu hutanguliza miguu ya mbele, huikaza, kisha husita hapo hapo, makalio yakiwa bado chini na kichwa kimeinama. Hujisukuma mara mbili, tatu, ndipo sehemu ya nyuma inapofuata, na hatua zake za mwanzo huwa fupi na kavu. Baada ya dakika kumi anatembea kama kawaida, na wewe unayemwona wakati huo unaridhika. Pita mkono wako kwenye mapaja yake. Kama yamekonda huku kifua kikiwa bado kinene, basi amekuwa akiikwepa miguu ya nyuma kwa miezi. Dalili nyingine ni kulamba goti au kifundo mahali pale pale, kukataa kupanda pikapu aliyokuwa akiirukia, na kumkoromea mtoto anayemshika kiunoni.

Hayo mara nyingi ni maumivu ya viungo, yale ambayo kwa binadamu tunayaita baridi yabisi. Gegedu imesagika na mfupa unasuguana na mfupa. Asubuhi za baridi za Njombe, Arusha au Limuru humzidishia. Dawa ya kwanza ni kupunguza uzito. Nchini Marekani, Labrador 48 walifuatiliwa tangu wakiwa watoto hadi kufa, nusu yao wakipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi kwa wastani, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Papasa mbavu za mbwa wako: uzihisi chini ya ngozi bila kubonyeza kwa nguvu. Usipozihisi, punguza ugali.

Kisha mwondoe kwenye saruji. Godoro kuukuu lililofunikwa turubai, au magunia kadhaa yaliyokunjwa na kuanikwa juani kila wiki, humsaidia kuliko watu wanavyodhani. Tandika mikeka au vipande vya zulia pale anapopita kwenye vigae. Mkate kucha, kwa maana kucha ndefu humfanya ateleze. Matembezi yawe mafupi, mara tatu kwa siku, badala ya mwendo mmoja mrefu wa Jumapili unaomwacha akichechemea hadi Jumatano. Na kama amefungwa mnyororo mchana kutwa, mfungue. Viungo visivyotembezwa hukakamaa.

Dawa za maumivu zipo, na kwa mbwa zinazotumika sana ni kaprofeni na meloksikamu, kwa kipimo cha daktari baada ya kuangalia figo na ini. Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Usimpe mbwa dawa zako. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo kila duka la dawa muhimu linazo, humtoboa mbwa tumbo kwa vidonda na kumwangusha figo, wakati mwingine kwa vidonge vichache tu. Paracetamol nayo huharibu ini lake akizidishiwa, na kipimo cha mtu mzima ni kikubwa mno kwa mbwa wa kilo 15. Ukiona kinyesi cheusi tii chenye kunata baada ya dawa ya maumivu, acha dawa hiyo na umkimbize kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kuna pia sindano ya deksamethasoni, inayochomwa sana mitaani kwa sababu ni rahisi na matokeo yake huonekana upesi. Mbwa huamka, hula, hucheza siku mbili tatu, kisha hurudi palepale. Ikirudiwarudiwa humdhoofisha misuli, humtia kiu, humshusha kinga, na ikichanganywa na dawa kama meloksikamu hatari ya vidonda vya tumbo hupanda sana. Una haki ya kuuliza jina la kila sindano na kuliandika.

Kwa German Shepherd kuna ugonjwa mwingine wa miguu ya nyuma ambao hauumi. Ni wa uti wa mgongo, na mara nyingi huanza baada ya miaka minane. Mbwa huanza kuburuza vidole hadi kucha zinasagika upande wa juu, hupepesuka kiunoni, na baada ya miezi hushindwa kusimama. Hauna tiba, lakini mazoezi ya kila siku humwongezea muda. Kumtofautisha na mwenye nyonga mbovu ni kazi ya daktari.

Maji, pumzi na uvimbe

Chukua jagi lenye alama za lita. Pima maji unayomwekea asubuhi na yanayobaki asubuhi ya pili, wakati mbwa wengine hawafiki kwenye bakuli lake. Akinywa zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani zaidi ya lita mbili kwa mbwa wa kilo 20, kuna tatizo. Huenda ni figo, kisukari, tezi zilizo juu ya figo, au mfuko wa uzazi. Usimnyime maji ili asikojoe ndani, maana kwa mbwa mwenye figo mbovu hilo linaweza kumuua. Figo zina tabia mbaya ya kuficha ugonjwa: kipimo cha damu cha kawaida huanza kupanda pale ambapo takribani robo tatu ya uwezo wake umeshapotea. Ndiyo sababu kipimo kinachofanywa mapema, mbwa akiwa bado anakula vizuri, kina thamani kubwa kuliko kinachofanywa ameshalala.

Mbwa jike ambaye hajafungwa kizazi yuko kwenye hatari ya pekee. Wiki nne hadi nane baada ya joto, mfuko wa uzazi unaweza kujaa usaha. Atakunywa sana, atatapika, atakataa chakula, na usaha unaweza kutoka au usitoke kabisa. Usipotoka ni hatari zaidi, kwa kuwa tumbo hujaa na mfuko unaweza kupasuka. Hii ni dharura ya kupasuliwa leo, isisubiri mwisho wa mwezi. Pia papasa matiti yake yote kumi, kuanzia kifuani hadi mapajani, kila mwezi. Karibu nusu ya uvimbe wa matiti kwa mbwa ni saratani, na uvimbe uliotolewa ukiwa mdogo, chini ya sentimita tatu, una matumaini makubwa kuliko ule uliosubiriwa hadi ukapasuka na kuvamiwa na nzi.

Dume asiyehasiwa huvimba tezi dume: hujikamua anapokwenda haja kubwa, au matone ya damu hutoka kwenye uume. Kuhasi huifanya tezi inywee. Lakini usikate tamaa kwa kila damu ya sehemu za siri. Upo uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, umeenea sana kwa mbwa wanaozurura huku kwetu, unafanana na nyama mbichi na unavuja damu. Unatisha kuutazama, ila mbwa wengi hupona kwa sindano za vinkristini za kila wiki kwa mwezi mmoja au miwili. Ni huzuni kumuua mbwa kwa ugonjwa huo.

Kwa moyo, hesabu pumzi zake akiwa usingizini. Kifua kikipanda na kushuka ni pumzi moja. Zikivuka 30 kwa dakika, usiku baada ya usiku, na hasa akikohoa akiwa amelala, mpeleke. Kwa upande wa kupe, kumbuka kwamba homa wanazoziambukiza zinaweza kumkaa mbwa miaka mingi, kisha zikajitokeza uzeeni: kukonda, fizi nyeupe, kutokwa damu puani. Watu huita uzee, kumbe kipimo cha damu na doksisiklini ya wiki nne vingemrudisha.

Meno yaliyojaa ugaga na kunuka ni jeraha bichi mdomoni. Kuyasafisha huhitaji nusu kaputi, na watu huiogopa kwa mbwa mzee. Kwa mbwa aliyepimwa damu na kukutwa hana tatizo kubwa, meno yaliyooza ni tishio la kila siku, wakati nusu kaputi inaweza kupangwa na kusimamiwa.

Chakula chake kibaki na nyama, mayai au dagaa wa kutosha. Mbwa mzee anahitaji protini, na kuipunguza ni kwa mwenye figo mbovu tu, kwa agizo la daktari. Dagaa wakiwa na chumvi waloweke na kumwaga maji. Kitunguu hapana, mifupa iliyopikwa hapana. Na unga ulioota ukungu usimpikie ukidhani kwamba mbwa hula chochote. Sumukuvu, ile ile iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004, huua ini la mbwa kwa kiasi kidogo sana.

Macho, masikio na akili

Wingu la buluu hafifu kwenye macho ya mbwa wa miaka minane ni la kawaida na halimzuii kuona. Mtoto wa jicho ni mweupe, na huyo humpofusha. Mbwa kipofu huishi vizuri kwa pua na kumbukumbu, mradi vyombo na bakuli la maji havihamishwi. Kiziwi ndiye ninayemhofia zaidi katika nyua zetu, kwa sababu mbwa wengi hulala kivulini chini ya gari. Mzee asiyesikia injini ikiwashwa hatoki. Kila asubuhi, kabla ya kurudisha gari nyuma, inama uangalie.

Wengine akili huchoka: huzunguka usiku, husimama upande wa bawaba wakisubiri geti lifunguke, husahau mahali pa haja. Taa ndogo usiku na ratiba isiyobadilika huwatuliza.

Mabadiliko haya huja kwa miezi. Tabia ikibadilika kwa siku, fikiria kichaa cha mbwa, kwa umri wowote. Mate kumiminika, taya kulegea, sauti kubadilika, kushindwa kumeza: usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa, kwani watu wameambukizwa namna hiyo. Mfungie peke yake na umwite daktari. Aliyeng'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali kuchanjwa siku hiyo hiyo. Mbwa akifa usimzike kabla ya kutoa taarifa kwa afisa mifugo, maana ubongo unapaswa kupimwa. Na chanjo haina kustaafu: mbwa wa miaka 12 achanjwe kila mwaka kama wengine. Kampeni nyingi za bure hufanyika kuzunguka tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Kujua wakati umefika

Hapa ndipo familia hukwama, na mimi naona afadhali kuamua mapema wiki moja kuliko kuchelewa siku moja. Daktari wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga kipimo cha mambo saba ya kupewa alama kuanzia 0 hadi 10: maumivu na pumzi, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Jumla ikizidi 35, kuna sababu ya kuendelea kumtunza. Alama hizo zitolewe na watu wawili, kila mmoja peke yake, mmojawapo akiwa yule anayemlisha. Kwenye kalenda ya ukutani wekeni alama ya siku mbaya kila jioni. Anayemwona mbwa kila siku huzoea kushuka kwake, lakini kalenda haizoei.

Siku mbaya ni ile ambayo hakuinuka kula, alijikojolea na kulala humo, alihema bila joto, au hakumtazama mtu anayempenda akiingia. Siku hizo zikiwa nyingi kuliko nzuri kwa wiki mbili, na daktari hana dawa nyingine, mnapaswa kupanga kumlaza, yaani kumuua bila mateso.

Kumlaza mbwa vizuri ni kazi ya daktari aliyesajiliwa, na wengi hukubali kuja nyumbani. Muulize atatumia dawa gani. Inayotumika sana duniani ni pentobabitoni, dawa ya usingizi inayotolewa kwa kipimo kikubwa. Kwanza huchomwa sindano ya kutuliza kwenye msuli, na ndani ya dakika chache mbwa husinzia. Kisha daktari hunyoa kipande kidogo mguu wa mbele, huupata mshipa, na kuingiza dawa taratibu. Fahamu hupotea ndani ya sekunde, na moyo husimama muda mfupi baadaye. Macho hubaki wazi. Huenda akavuta pumzi moja mbili za ghafla au mkojo ukatoka; hayo ni ya mwili, yeye hana habari nayo. Daktari asikilize moyo kabla ya kusema amekwisha. Lipa gharama kabla, ili baada ya hapo usisimame kuhesabu noti.

Usikubali sumu. Mbwa aliyelishwa sumu ya wadudu hufa kwa mitukutiko, akiwa na fahamu zake kwa muda mrefu. Wala usimtupe mbali na nyumbani, kwa kuwa mzee asiyeona vizuri hatafuti chakula, hufa kwa njaa au kwa gari. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360. Kumtesa mnyama ni kosa la jinai. Kwa wenzetu Waislamu wanaojitenga na mate ya mbwa, mlinzi au jirani anaweza kumshika wakati wa sindano. Huruma yenyewe haina ubishi kwenye dini: hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu inajulikana pwani nzima.

Watoto waambiwe amekufa. Ukisema amekimbia, watamtafuta. Ukisema amelala, wengine wataogopa kulala. Mlinzi aliyemlisha miaka yote aambiwe kabla ili amuage, asije akakuta banda tupu. Kama kuna mbwa mwingine, mwache amnuse. Anaweza kupunguza kula kwa siku kadhaa, na akipitisha siku mbili bila kula kabisa, apimwe naye.

Kaburi liwe na kina cha mita moja au zaidi, mbali na kisima na mfereji. Pentobabitoni hubaki kwenye mzoga kwa muda mrefu, na mbwa au tai atakayeufukua anaweza kufa, kwa hiyo mzoga huo usipelekwe dampo hata ukifungwa vizuri. Mpangaji asiye na kiwanja amuulize daktari mahali pa kuchomea au kuzikia kabla ya siku yenyewe.

Dawa zilizobaki zirudishe kwa daktari. Zilipimwa kwa uzito na figo za mbwa mmoja. Kama unafikiria kuleta mtoto wa mbwa, choma magunia ya zamani, osha banda, na unyunyizie dawa ya kupe kwenye nyufa za ukuta na chini ya paa, kisha urudie baada ya wiki mbili, kwa sababu kupe wa mbwa anaweza kukaa kwenye ufa miezi kadhaa bila kula.